Kibla Chetu

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefika Bulla Kaniisad saa tisa alasiri nikiwa na matope hadi magotini. Gari la idara yetu ya majengo ya kale lilikwama kilomita nne kabla ya kijiji, na dereva akaona ni heri arudi Masalani. Kijiji kimepata jina lake kutokana na kanisa, kaniisad kwa Kisomali, na kanisa lenyewe limefungwa kwa miaka kumi. Kazi yangu ni kulipima, kulichora, na kuandika kama lina thamani ya kuhifadhiwa au halina. Kamati ya kijiji imekiomba kiwanja chake ijenge msikiti mkubwa zaidi ya ule mdogo uliopo. Nikiandika kwamba halina thamani, tingatinga lililoegeshwa Masalani litakuja barabara ikikauka. Hivyo ndivyo alivyonieleza Hared, mkuu wangu wa kazi, tuliyesoma naye chuo kimoja na ambaye neno lake halijawahi kunipa wasiwasi.

Ufunguo uko kwa Dahabo binti Sugow, mwanamke wa miaka kama themanini, ambaye baba yake ndiye aliyelijenga. Nilimkuta akichambua mchele. Nilimwamkia kwa Kisomali, nikamwita ayeeyo, bibi, naye akaniita ayeeyo vilevile, kwa kuwa kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile.

"Wewe ni wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa ngapi kivipi, ayeeyo?"

"Wa kwanza alipiga picha bila kushuka garini. Wa pili aliuliza kama kuna choo. Wa tatu alisema atarudi kesho, na hiyo kesho ilikuwa kabla ya korona."

"Mimi nitakaa mpaka nimalize."

"Haya. Choo kiko nyuma."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa. Sikupima kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Faili la idara lina sentensi moja kuhusu jengo hili: "Jengo chakavu, halina sifa ya pekee." Chini yake kuna sahihi isiyosomeka. Leo, baada ya kukaa ndani kwa muda wa saa saba, ningependa kumjua mwenye sahihi hiyo na kumwuliza alisimama wapi alipouona huo ukosefu wa sifa. Nadhani ndiye aliyepiga picha bila kushuka garini.

Kanisa ni refu na jembamba, mita ishirini na moja kwa tisa, na nguzo zimeligawa katika njia tatu, kila moja chini kidogo ya mita tatu. Nilidhani ni uchoyo wa nafasi hadi nilipotazama juu. Paa limelazwa juu ya boriti za mikoko zilizoletwa kutoka Lamu, na boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Mti ndio uliopanga upana. Sugow alijifunzia kazi Kismayu na mkono wake ni wa pwani: kuta ni za matofali ya udongo wa Tana, lipu ni ya chokaa, na kando ya madhabahu amechimba vidaka sita, vile vishubaka vya ukutani ambamo nyumba za Waswahili huweka vyombo vya kaure. Hapa viliwekwa mishumaa. Masizi yake bado yapo. Madhabahu imekaa katika nusu duara iliyojengwa kwa mkono, tofali moja moja, na nilipoipima kwa timazi haikuwa imehama hata upana wa kidole.

Ukuta wa mashariki una ufa mmoja wa zamani, uliotulia. Mabati yametoboka mahali kumi na tisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimeshika dira. Mapadri waliojenga enzi zile walipenda kuyaelekeza makanisa yao mashariki, jua linakochomoza. Hili halielekei mashariki. Mstari wake, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, unakwenda kaskazini, ukiacha uzi mmoja tu, yaani digrii moja, upande wa magharibi. Nilipima mara nne, simu na futi ya chuma nikiwa nimeziweka mbali.

Adhuhuri iliponikuta nilitandika mkeka nje, kivulini. Nilipotaka kutafuta upande wa kusali nikaona sihitaji kutafuta. Nilikuwa nimesimama sambamba na ukuta wa kanisa. Kutoka hapa, kaskazini ndiko Makka.

Nimeandika sababu tatu zinazowezekana. Kwanza, ardhi: kijiji kimekaa juu ya tuta refu linalokwenda kaskazini, na mjenzi mwenye akili hulifuata tuta ili akwepe mafuriko. Pili, bahati tu. Tatu, fundi Mwislamu alijua alichokuwa akifanya. Hii ya tatu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa hiyo ndiyo ninayoishuku kuliko zote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Ndoo nne ndani ya kanisa, zote za Dahabo.

Alhamisi, 17 Aprili

Tulikuwa tukimwaga ndoo, na nikamwuliza Dahabo, bila kuuzungushia, kwa nini madhabahu iko kaskazini. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nije.

"Padri alikuwa Mholanzi. Kiswahili chake alikisomea Lamu. Baba alikiokota chake Kismayu, kwa mafundi. Siku moja Padri akapiga hatua kiwanjani, akasema, 'Sugow, madhabahu ielekee kibla chetu.' Basi. Akaenda zake Malindi miezi miwili. Aliporudi, kuta zimefika kifuani."

"Na baba alielewa nini?"

"Alielewa alichoambiwa. Chetu."

Ninaandika daftari hili kwa Kiswahili, na hapa Kiswahili kinanipa taabu. Kisomali kina "yetu" mbili. Qibladayada ni kibla chetu sisi, wewe unayesikiliza uko nje. Qibladeenna ni kibla chetu sote, nawe umo. Msomali hawezi kutamka neno hilo bila kuamua kama anayemsikiliza yuko ndani au yuko nje. Kiswahili hakimdai mtu uamuzi huo. Padri alisema "chetu" akiwa na maana ya Wakristo, yaani mashariki. Sugow alilipokea neno, akalitafutia mahali kichwani mwake, akakuta kuna mahali pawili.

"Na kwa nini alichagua ile inayomtia ndani?"

Dahabo aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Mtu umekula kwake mwaka mzima. Mtoto wako alipougua alimbeba yeye mwenyewe hadi zahanati. Huyo mtu akisema chetu, utachukulia amekutoa nje? Hiyo ni adabu gani?"

"Padri alikasirika?"

"Alikaa juu ya rundo la matofali akacheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alitaka abomoe aanze upya kwa nguvu zake, bila ujira. Padri akakataa. Akamwambia, 'Acha. Mungu anajua njia ya kuzunguka.'"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Dahabo amefagia kizingiti cha mlango uliofungwa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimevuka mto kumwona Mzee Buya, Mpokomo aliyekuwa katekista wa mwisho wa kanisa hili. Anaishi ng'ambo na familia zote zilizohama. Alinikaribisha kitini, akanipa ndizi mbivu, kisha akanipa na ukali wake.

"Wewe ndiye Msomali wa idara?"

"Wa idara, mzee."

"Ah. Idara haina kabila siku hizi. Vizuri. Haya, mnapima nini?"

Nilimwambia kwamba kanisa lilifungwa miaka kumi iliyopita na kwamba tunataka kujua kama linafaa kuhifadhiwa. Hakuningoja nimalize.

"Nani aliyekwambia lilifungwa? Kufunga ni kazi ya mwenye nyumba. Sisi tulikimbia. Basi la abiria lilipigwa risasi Jumanne pale barabarani, wakauawa wasio Waislamu. Alhamisi walimu wameondoka, muuguzi ameondoka. Jumapili nimesimama mbele, naangalia viti, naona mke wangu. Nikasoma somo, yeye akaitikia, tukaenda kufunga virago."

"Majirani waliwafukuza?"

"Hapana. Niseme haki, hakuna aliyetufukuza. Na hakuna aliyetwambia bakini. Walikuwa na huruma nyingi sana, wakiwa wamekaa majumbani mwao."

"Dahabo je?"

"Dahabo alisema, nipe ufunguo. Nikampa. Mpaka leo sijui kama anatutunzia au anatusahaulisha."

Nilipomweleza kuhusu "kibla chetu" alitikisa kichwa. Baba yake alikuwa akikanyaga udongo wa matofali pale pale, na yeye alisimulia kwamba Padri mwenyewe ndiye aliyelitazama tuta akasema walifuate. Hadithi ya neno, kwa maoni ya Buya, ilitungwa baadaye, watu walipotaka kitu cha kuchekea. "Lakini andika hili," akasema. "Miaka sitini tumesali tukitazama Makka, na hakuna aliyeota pembe."

Nilivuka kurudi nikiwa na hasira nisiyoweza kumwekea mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja mwaka ule, niko chuoni Nairobi, na nilisoma habari za basi lile katika simu. Nakumbuka nilisikitika. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa na huruma nyingi sana, nikiwa nimekaa bwenini.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemtumia Hared ripoti. Kurasa kumi na nne, michoro sita. Nimeweka simulizi zote mbili na sababu zote tatu, na nimependekeza jengo lisajiliwe. Ilinibidi nipande juu ya kichuguu nyuma ya shule ili nipate mtandao. Nimeridhika na kazi hii kuliko yoyote niliyowahi kufanya, na nimeamua kubaki hadi jibu lije.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Ngamia wamenenepa. Kila mtu ana maziwa na kila mtu ana furaha.

Ijumaa, 2 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa alinijia Sheikh Ahmednoor, imamu wa kijiji. Ni mwanamume mwembamba asiyepoteza maneno. Aliomba nimpe idadi ya nyuzi za ule mstari wa kanisa. Nilimwambia avute subira, idara itatoa. Akaomba tena kwa sauti ile ile, nikamjibu vile vile. Alishukuru akaondoka. Sikupenda kwamba aliomba mara mbili. Mtu anayetaka kiwanja huanza kwa kutaka vipimo.

Alhamisi, 8 Mei

Hared amekuja, gari lake limefungwa minyororo magurudumuni, na baraza limefanyika katika darasa la nane. Nitaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu najua nikilala nitaanza kuyapamba.

Alisimama na ripoti yangu mkononi. "Dada yetu Osob ametufungua macho," akasema. "Jengo hili limejengwa na Mwislamu. Limeelekezwa Makka. Lina mihrabu ya kusimamia imamu. Kwa hiyo, ndugu zangu, asili yake si kanisa. Ni msikiti uliokaliwa na watu wengine."

Khalif, mwenyekiti wa kamati, alipiga meza kwa kiganja. "Sisi tulikuwa tunaomba kiwanja. Kumbe tunaomba mali yetu."

Akaeleza kwamba jengo lile ni dogo na limechakaa, kwa hiyo litabomolewa, na msikiti wa vigae utajengwa juu ya msingi ule ule, ambao kwa bahati umekwisha kuelekezwa. Mfadhili yuko tayari. Tingatinga liko tayari. Kilichobaki ni jua.

Nilisimama. "Sikuandika hivyo. Niliandika sababu tatu."

"Tatu ni nyingi, walaal, dada yangu," Hared akasema kwa upole. "Watu wanataka moja."

"Na sikuandika mihrabu. Niliandika nusu duara."

"Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba moja nimeiona."

Wachache walicheka, lakini kicheko kilimwunga mkono yeye, si mimi. Ndipo Dahabo aliponyanyuka kutoka safu ya wanawake. Hakupaza sauti.

"Baba yangu alipewa amana na Padri. Alipewa chakula, alipewa pa kulala. Nyinyi mnasema aliichukua amana hiyo akajenga kitu kingine mbele ya macho yake, kwa siri, akinyamaza mpaka anakufa?"

"La, ayeeyo," Khalif akasema. "Tunasema alikuwa shujaa."

"Shujaa wa kumdanganya aliyemlisha."

Sheikh Ahmednoor alikuwa ameketi mlangoni, na hakumtetea. Nilimtazama muda mrefu. Alikuwa akitazama sakafu.

Ijumaa, 9 Mei

Nina hasira, na nataka niwe sahihi hata ndani yake.

Namkasirikia Hared, kwa sababu anajua. Mjinga angeisoma ripoti vibaya. Yeye aliisoma vizuri, akachagua. Namkasirikia Khalif kidogo zaidi ya anavyostahili, kwa kuwa yeye angalau alisema tangu mwanzo anachotaka. Namkasirikia imamu kwa kimya chake. Hadi jana nilidhani wanagombania kiwanja. Sasa naona kwamba ili kulibomoa kanisa ni lazima kwanza wambomoe Sugow, wamgeuze mtu mwenye hila, na wamsifu kwa hiyo hila mbele ya binti yake.

Kisha nimeisoma ripoti yangu upya, nikitafuta mahali nilipowapa jiwe la kunirushia. Nimelipata ukurasa wa tisa. "Fundi aliliinamisha kanisa kuelekea Makka bila kulivunja." Hakuna aliyeniambia maneno hayo, si Dahabo wala Buya. Niliyaandika kwa sababu yalikuwa mazuri. Aliliinamisha: kitenzi kimoja, na ndani yake mna kusudi, mna siri, mna kila kitu ambacho Hared alikihitaji. Sababu zangu tatu zilikuwa na uzito sawa hadi ukurasa wa nane.

Nimempigia simu kumtaka airudishe ripoti niisahihishe. Amesema imekwisha kupokelewa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kubwa. Kamati inaomba jua na mimi naomba mvua. Maji yale yale yanayoifunga barabara yanaingia ukutani kwa matundu kumi na tisa.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikwenda kumwomba Dahabo ufunguo ili niziondoe ndoo. Alikwenda kuzimwaga mwenyewe, akaniacha nje. Aliporudi akafunga mlango.

"Umemaliza kupima, ayeeyo," akasema.

Ninajua tafsiri ya sentensi hiyo. Na bado ameniletea chai jioni.

Jumatatu, 19 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo.

Ijumaa, 23 Mei

Jua. Lori la kwanza limefika kutoka Masalani, limebeba sukari na godoro.

Jumatano, 28 Mei

Jua kali. Adhuhuri nilimwona Sheikh Ahmednoor amechomeka fimbo chini, kwanza mbele ya msikiti wake, kisha mbio mbio mbele ya kanisa, akichora kivuli chake kwa kisigino. Niligeuza uso. Nilidhani anapima pa kuanzia.

Alhamisi, 29 Mei

Tingatinga limefika saa mbili asubuhi. Dahabo alikuwa ameketi juu ya kizingiti, na wanawake wawili wa kamati wakamshika mikono, kwa heshima, nakiri kwa heshima, wakamwinua na kumketisha kando. Nilisimama mbele ya mashine. Dereva alizunguka upande wa pili. Sikuwa nimefikiri kwamba jengo lina pande nne.

Ukumbi wa mbele, ile baraza ya mlangoni, ulianguka kwa pigo moja. Ulikuwa na matao matatu. Chokaa ilipanda juu kama unga, na boriti za Lamu zilitoka nje zikiwa bado na rangi nyekundu ndani, nzima kabisa, baada ya miaka sabini.

Sheikh alikuja akitembea, hakukimbia. Alimwashiria dereva azime injini ili asilazimike kupaza sauti, na dereva akazima. Ndipo alipomgeukia Khalif.

"Msikiti huwa msikiti kwa nini?"

"Sheikh, wewe ndiye unayejua."

"Kwa wakfu na kwa nia. Nyumba hii, nani aliiweka wakfu?"

"Sugow aliijenga."

"Sugow alikuwa fundi wa mtu. Nia ya fundi haigeuzi nyumba ya aliyemwajiri. Alikuwa akimjengea nani?"

Khalif alilitazama tingatinga. "Padri."

"Basi umejibu."

"Lakini inaelekea kibla, sheikh. Ripoti ya serikali imesema."

"Choo cha shule pia kinaelekea kibla. Nimewaambia mwaka wa tatu sasa mkigeuze, na sijaona tingatinga."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Sheikh hakucheka. Alisema kwamba kutwaa nyumba ya ibada ya watu kwa hadithi ni dhuluma, na kwamba yeye hatasalisha juu ya kiwanja kile hata kikiwekwa vigae vya dhahabu. Kama kamati inataka imamu mwingine, iseme sasa, mbele ya watu. Khalif alitazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia. Baada ya muda alimwambia dereva arudi nyuma.

Nilimfuata Sheikh hadi mtaroni. Nilimwuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini hakuyasema haya barazani, ukumbi ukiwa bado umesimama.

"Nilikuomba nyuzi, ukaninyima," akasema. "Nibishane na ripoti kwa kukisia? Imebidi ningoje jana. Siku mbili katika mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba, na kivuli cha fimbo hakikosei."

"Na fimbo ilisema nini?"

"Kanisa liko sawasawa. Msikiti wangu ndio umepinda, nyuzi tano. Sasa nikajiuliza, kama kuelekea kibla ndiko kunakofanya msikiti, mimi nasalisha wapi?"

Matao matatu yako chini kwa sababu sikupenda namna mtu alivyouliza swali.

Jumatatu, 2 Juni

Hared amepiga simu akiwa na furaha tele. Amesikia habari za Sheikh. Anasema sasa tuna kitu kikubwa: kanisa linaloelekea Makka, linalolindwa na imamu. Mfano wa maelewano ya dini. Kutakuwa na kibao, kutakuwa na sherehe, wageni watatoka Nairobi. Anataka mchoro safi na hadithi ya "kibla chetu" iwekwe mbele kabisa, kwa kuwa ndiyo itakayopitisha usajili. Vidaka na boriti havitamshangaza mtu. Nilimkumbusha alichosema tarehe nane Mei katika darasa la nane. Alisema, "Hali hubadilika, Osob." Ni ripoti ile ile na ukurasa ule ule wa tisa.

Na jambo linalonikera zaidi ni kwamba safari hii ana hoja. Jengo likisajiliwa, hakuna kamati itakayoligusa. Lisiposajiliwa, linasimama juu ya neno la imamu mmoja mwenye umri wa miaka sitini na mitano.

Jumatano, 4 Juni

Nimemweleza Dahabo yote, bila kuficha upande wowote. Tulikuwa tukipanga matofali ya ukumbi, mazima huku, yaliyovunjika kule.

"Kibao kitaandikwa nini?" akauliza.

"Kwamba baba yako aliambiwa kibla chetu, na namna alivyoelewa."

"Na atakayesoma ataelewaje?"

Nilipangusa chokaa mikononi.

"Mwaka huu wamesoma wakasema ni mwizi aliyefanya vizuri. Huyo wa simu anasoma anasema ni mtu wa maelewano. Mwakani atakuja mwingine. Baba hakuwa hayo. Baba alikosea neno kwa sababu alimpenda mtu, akaona aibu maisha yake yote. Aibu yake ni yake. Mimi nilikupa wewe kwa sababu ulimwaga ndoo. Sikuipa idara."

"Nikiliondoa neno, ayeeyo, huenda wasilisajili."

"Ulipoliandika, walileta tingatinga."

Aliendelea kupanga matofali. Nilitaka kumwambia kwamba mambo si mepesi hivyo, kwamba Mzee Buya pia ana haki katika uamuzi huu, kwamba labda neno halikuwahi kusemwa na tunagombana juu ya kichekesho. Yote ni kweli. Nilimpokea tofali, nikapanga.

Jumatatu, 9 Juni

Jana nilivuka kwa Mzee Buya kumwuliza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe andika paa linavuja. Hilo sote tuliliona."

Nimeandika ripoti upya. Kurasa kumi na moja. Boriti na upana wake, vidaka sita, chokaa, nusu duara iliyosimama wima miaka sabini, matao matatu na tarehe yaliyobomolewa na nani alikuwepo, mimi nikiwemo. Paa, matundu kumi na tisa. Hakuna Padri anayezungumza wala fundi anayesikiliza. Kisha nikaona kwamba mtu mwenye rula angeweza kuisoma hadithi yote katika mchoro wenyewe, kwa hiyo nimefuta mshale wa kaskazini, ule unaoonyesha jengo linaelekea wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufelishwa kwa kosa hilo. Sina hakika kwamba nimetenda haki. Huenda nimemlinda marehemu na kuwaacha walio hai bila sheria ya kuwalinda. Nimeituma hivyo hivyo, juu ya kichuguu.

Jumatatu, 16 Juni

Hared amepiga simu.

"Osob, umesahau mshale."

"Sijasahau."

"Bila mshale hawapitishi. Unajua."

"Najua."

Nilisikia akifunua karatasi, akizigeuza huku na huku. "Basi niambie tu kaskazini iko upande gani kwa nyuzi kamili, nitauchora mwenyewe hapa ofisini."

"Njoo upime," nikamwambia.